Inueni makapeti ya pikapu zenu muone mnakanyaga nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na nakuomba usiikate sana maana hili ni jambo la watu wengi ila halisemwi. Nataka kuongelea sakafu za pikapu za zamani, hizi Peugeot 504, Datsun, Land Rover na Land Cruiser za kitambo ambazo huku pwani bado zinapiga kazi kila siku, na vile zinavyotengenezwa zikishaliwa na kutu. Kutu inatakiwa ikatwe mpaka ufike kwenye chuma kizima. Mafundi wengi hawakati, wanafunika, na sisi wenye magari tunalipa hela yetu tunaondoka tumefurahi.

Mimi nina Peugeot 504 pikapu, wazee wanaiita Pijo, ya marehemu baba. Aliinunua miaka ya themanini mwishoni kutoka shamba moja la mkonge lilipokuwa linauza magari yake, akabebea machungwa ya Muheza, mbao, saruji, wagonjwa usiku wa manane, maharusi, misiba, yani hakuna nyumba mtaani kwetu ambayo haijawahi kufaidika na ile gari. Alipofariki ikabaki kwangu. Mimi biashara yangu ni samaki, nachukua pale soko la samaki la Deep Sea Tanga alfajiri napeleka Muheza na Korogwe, samaki na barafu wanakaa nyuma lakini ndoo za kamba wa baharini naziweka mbele miguuni kwa abiria zisipigwe jua, na mimi mwenyewe napanda na ndala zimelowa maji ya bahari. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria hayo maji yanaenda wapi.

Mwaka jana mwezi wa nne, masika imekolea, natoka Muheza nakaribia Pongwe, ng'ombe wakakatiza barabara. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote na kiti changu kikaondoka. Upande wa kulia wa kiti ulinyanyuka kutoka kwenye sakafu, nikaenda mbele kifua kikagonga usukani na mguu ukateleza kwenye pedeli. Mwanangu wa miaka 9 alikuwa pembeni yangu. Alhamdulillahi gari ilisimama hatua chache kabla ya wale ng'ombe, nikakaa pale nashika kifua mtoto ananiuliza mama umeumia, sina hata sauti ya kumjibu.

Nikashuka nikainua kapeti. Bolti ya kiti ilikuwa imeng'oka na kipande cha chuma kimeng'ang'ania, ukubwa wa kiganja, chembamba kama ganda la yai, ukikibonyeza kinavunjika vipande vya rangi ya ugoro. Kuzunguka lile tundu kuna bodifila, ule udongo wa kujazia mabonyeo ya bodi, ya kijivu nene kama kidole, juu yake wamepaka lami nyeusi. Nikaingiza bisibisi nikabandua ile bodifila, chini yake nikakuta gazeti. Gazeti limekunjwakunjwa likashindiliwa kwenye tundu ili bodifila isidondoke chini wakati inakauka. Lilikuwa limelowa lakini kichwa cha habari za mpira kilikuwa kinasomeka vizuri kabisa.

Hiyo kazi niliilipia laki nne na nusu miaka mitatu nyuma, nikaambiwa floo yote imetengenezwa upya mama, kanyaga usiogope. Fundi simtaji na gereji siitaji, nia yangu sio kumuumbua mtu mmoja, kwa sababu baada ya hapo nimezunguka nimewauliza wenye pikapu wenzangu, nimeinua makapeti ya watu kwa ruhusa yao, na nimeona mambo yale yale. Nimeona bati la kuezekea limepigwa ribiti juu ya kutu. Nimeona kipande cha alumini. Nimeona plaiwudi imepakwa lami ikaonekana kama chuma. Wenyewe wengi hawakuwa wanajua.

Niliyemkimbilia mimi ni mzee mmoja fundi bodi wa Ngamiani hapa Tanga, amefanya kazi ya kunyoosha bodi tangu enzi ambazo hizi Peugeot zilikuwa ndo magari ya wenye nazo. Nilimwamkia shikamoo nikamweleza, hakusema kitu, akaenda akachukua jagi la maji. Akaniambia mwanangu ingia ndani lala chini uchungulie chini ya dashibodi na hii tochi. Yeye akasimama nje akamimina maji taratibu kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele. Sekunde kumi hazikufika nikaona mchirizi unashuka nyuma ya dashibodi, unafuata waya, unaingia chini ya kapeti upande wa miguu yangu. Mpira wa kioo ulikuwa umekauka umepasuka. Alafu akafungua boneti akanionesha pale chini ya kioo kwenye njia ya kuingizia hewa, pamejaa majani ya mwarobaini yaliyooza yamekuwa udongo, tundu la kutolea maji limeziba, kwa hiyo mvua ikinyesha pale panakuwa beseni na beseni likijaa linamwagikia ndani. Mwarobaini wenyewe ni ule baba alioupanda ili apate kivuli cha kupaki.

Akanieleza kwamba watu wanadhani sakafu inaoza kutokea chini kwa sababu ya matope ya barabarani. Chini inaoza ndio, ila nyingi zinaanzia juu, ndani, pale usipopaona. Chini ya kapeti kuna ule ufelti wa kuzuia kelele na joto, ukishalowa ni sifongo, haukauki wiki nzima, na kama maji yana chumvi ndo haukauki kabisa kwa sababu chumvi inavuta unyevu wa hewa hata siku ya jua. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi, na mimi nimeongezea maji ya kamba. Kwenye sakafu watengenezaji waliacha matundu yenye vizibo vya mpira ili maji yakiingia uyatoe, lakini yule fundi wangu wa kwanza aliyapaka lami yote. Na kulikuwa na kitu cha tatu ambacho nisingekijua mpaka kesho: klachi ya hii gari inatumia oili, na pampu yake ya juu ilikuwa inavuja kidogo kidogo ndani kupitia kile kijiti cha pedeli. Oili ya breki na klachi inamenya rangi kwenye chuma, chuma kikibaki uchi kwenye unyevu wa chumvi, basi.

Wenye Land Rover hapa huwa wanatucheka, wanasema gari yao ni alumini haishiki kutu. Ni kweli bodi ya Land Rover ni ya alumini tangu zilipoanza 1948, kwa sababu baada ya vita Uingereza chuma kilikuwa kinapatikana kwa mgao. Lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na dereva, pale miguu inapokaa, ni chuma pia, na ndo hapo zinapooza. Jirani yangu ana 109 pikapu, nilimwambia ainue mpira wa miguuni, akaona barabara kupitia matundu.

Sasa nieleze kazi ilivyofanyika, kwa sababu nilikaa pale gereji siku nyingi nikiangalia, na nataka mtu akipeleka gari yake ajue aone nini.

Kwanza mzee alitoa kila kitu. Viti, kapeti, ufelti, mikanda, akang'oa na lile tandiko la lami kwa patasi na moto kidogo. Kisha akapita na nyundo ndogo na bisibisi akigonga kila inchi, penye chuma kizima panalia kengele, penye kutu panalia kama boksi. Akachora kwa chaki. Mimi nilidhani tundu ni la kiganja, chaki ilizunguka sakafu yote ya dereva mpaka kwenye ule mfupa wa chini ya mlango. Kutu inayoonekana ni kidogo kuliko iliyojificha, alisema, na akakata kupita alama zake kwa vidole viwili hivi ili achomelee kwenye chuma chenye afya.

Ila kabla hajashika grinda alifanya kitu ambacho gereji nyingi hawafanyi. Alichukua anglaini, kile chuma cha pembe, akaichomelea kwenye uwazi wa mlango, kutoka upande wa bawaba mpaka upande wa loki, akapima kwa futi kona kwa kona akaandika namba ukutani. Kebini ya 504 haijabebwa na chesisi nzito kama lori, sakafu na ile mifupa ya chini ya milango ndo inayoshikilia umbo, ukikata bila kuegemeza kebini inalegea milimita chache tu na mlango haufungi tena maisha. Na alikata upande mmoja, akaumaliza, ndo aje wa pili. Nimeona pikapu moja imekatwa pande zote mbili kwa pamoja ikiwa juu ya matofali, milango yake mpaka leo inafungwa kwa kamba.

Kiraka alikitengeneza kutoka bati la geji 18, kama milimita moja na pointi mbili hivi, jipya, bila zinki. Hapa nataka mafundi vijana wanisikilize. Bati la kuezekea ni geji 28 au 30, halifiki hata nusu milimita, halibebi kiti wala mtu, na lina zinki, ukilichoma linatoa moshi mweupe ambao usiku ule ule unakupa homa na kutetemeka kama malaria. Kuna wanaotumia bati la pipa la oili la lita 200, lile chuma chake kizuri, lakini pipa lililowahi kuweka petroli usilipeleke kwenye grinda hata kama lina mwaka liko tupu, mvuke unabaki na unalipuka kama bomu.

Alianza na boksi la sabuni, akalikata mpaka likakaa sawasawa kwenye tundu, ndo akahamishia kwenye bati. Alafu ile mifereji. Ukiangalia sakafu yoyote ya gari utaona ina mifereji au matuta, sio urembo, ndo inayofanya bati jembamba liwe gumu, bati tupu la bapa linadunda chini ya mguu kama debe. Mzee ana gogo la mwembe amelichimba mfereji kwa patasi, analaza bati juu yake, anaweka nondo ya milimita 12, anagonga nyundo kidogo kidogo kutoka katikati kwenda pembeni na kurudi, hana haraka kabisa. Kingo anazikunjia kwenye kipande cha reli. Mashine ya kukunja hana. Kile kiraka kilipokaa mahali pake nilishika kwa mkono sikuamini.

Kabla ya moto alitoa betri nje, akafungua paipu za breki na za mafuta zinazopita chini akazisogeza, akavuta waya zote zinazopita kwenye mfupa wa mlango, akaweka ndoo mbili za maji na kijana amekaa chini ya gari kazi yake ni kuangalia cheche zinaangukia wapi. Alichomelea kwa mashine ya kuazima ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe, waya wa milimita 0.8, kwa sababu ile ya stiki kwenye bati jembamba inatoboa, na ya gesi inalipasha moto bati lote likavimba mawimbi. Hachori mstari. Anapiga nukta moja hapa, nyingine upande wa pili kabisa, anasubiri mkono uweze kugusa, anarudi katikati ya zile mbili. Pakiwa na uwazi anashikilia kipande cha shaba nyekundu kwa nyuma, moto unajaa na haung'ang'anii shaba. Siku mbili nzima kwa upande mmoja, nukta tu.

Chini ya bolti za kiti alichomelea bamba la milimita 3, upana wa kitabu, ili kiti kishikwe na eneo na sio tundu moja. Na mkanda vile vile.

Usiku akazima taa akaweka balbu chini ya gari. Nikaingia ndani nikaona nyota kama tano sita kwenye mishono, akaziwekea alama akazifunga kesho yake. Baada ya hapo ikaja brashi ya waya, dawa ya asidi ya fosforiki kwenye kona ambazo grinda haifiki mpaka kutu ikageuka nyeusi, akasuuza akaanika, rangi nyekundu ya kuzuia kutu mikono miwili, silanti ya kuziba maji kwenye mishono juu na chini, rangi ya gari, na lami ya chini ya gari ikaja mwisho kabisa kila kitu kimekauka. Lami nzuri juu ya chuma kisafi. Juu ya kutu ni blanketi, inafungia maji humo humo na kutu inaendelea kula huku wewe unaona ni nyeusi inang'aa. Ndani ya mifupa ya milango akapuliza oili iliyochanganywa na nta. Matundu ya maji akayarudisha na vizibo vipya alivyovichonga kutoka mpira wa tairi. Ufelti sikurudisha, nimeweka mpira mtupu naoweza kuutoa, na kila nikimaliza samaki naosha kwa maji baridi ya bomba naacha milango wazi jua lipige.

Niseme na hili la moshi maana halijulikani. Sakafu yenye matundu inaingiza moshi wa ekzosi ndani, na ndani ya ule moshi kuna kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, unaumwa kichwa, unasinzia, unasema nimechoka na safari. Miaka ile mwanangu alikuwa hamalizi safari ya Korogwe bila kulala na kichwa kumuuma, nikawa nampa panado. Tangu sakafu ya upande wangu ifungwe hajalalamika tena. Nikikumbuka hilo linaniuma kuliko zile laki nne na nusu.

Najua mafundi watasema wateja ndo wanataka rahisi. Ni kweli, tupo tunaofika gereji tunasema nifanyie fanyie tu nikauze. Kazi ya mzee ilikuwa ghali karibu mara mbili ya ile ya mwanzo na upande mmoja tu, na nilikaa wiki tatu bila gari, nilikodi bajaji kubeba samaki. Lakini fundi mwambie mteja ukweli, mwambie hela yako inatosha kukata upande wa dereva peke yake, atachagua. Usimwambie floo mpya wakati umemwekea gazeti. Na ombi langu kwenu ni dogo, kabla hujafunika chochote mpigie mwenye gari aje aone tundu, au mtumie picha kwa simu. Bodifila ina kazi yake, kulainisha mlango uliogongwa, sio kubeba binadamu.

Wakaguzi wa magari nao nawaomba, mnaangalia taa, tairi, waipa, mtungi wa kuzimia moto, sawa, ila inueni na kapeti, shikeni kiti mkitikise. Haichukui dakika. Na vyuo vya ufundi, VETA na vingine, wafundisheni vijana kutengeneza kiraka cha sakafu kwa nyundo na reli kabla wazee kama huyu hawajaondoka, maana pale gerejini kwake nilimkuta na kijana mmoja tu, na huyo mmoja anataka kwenda kuendesha bodaboda.

Kuna ndugu waliniambia mbona usiipeleke kwenye vyuma chakavu upewe hela ya kuanzia ununue kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Sikatai, kila mtu na gari yake. Lakini hizi gari zina historia na sisi. 504 ilishinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, 1975 na 1978, na kabla yake Peugeot 404 ilishinda 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa anaishi hapa hapa Tanzania, wazee wetu walisimama barabarani kuiona inapita. Wenzetu Kenya walikuwa wanaziunganisha pale Mombasa. Spea bado zipo ukitafuta, injini haina kompyuta, fundi yeyote wa kijijini anaifungua. Kinachoziua ni bodi kuoza na kazi mbaya juu ya uozo. Baba alikuwa anaipaka grisi springi za nyuma kila Ijumaa baada ya sala, mimi niliona ni uzee unamsumbua.

Upande wa abiria bado. Mzee ameshachora chaki, anasubiri nimalizie hela, na mimi nataka uishe kabla ya vuli. Kilichokwama ni mpira wa kioo cha mbele cha 504, nimeuliza Tanga yote na Dar wananipa wa gari nyingine ambao haukai kwenye kona, na bila huo mpira maji yatarudi pale pale. Kama kuna msomaji anajua unapopatikana, Mombasa au kokote, naomba aandike kupitia ukurasa huu huu, nitaufuata.

Muuza samaki, msomaji wenu,
Tanga